Dawa ya Nguvu

11 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo, na barabara yetu hapa mtaa wa Annexe imeshakuwa tope jekundu. Kabanga ametoka hospitali. Dada yangu Régine alimbeba mgongoni kuanzia pale teksi zinapoishia, mimi nikashika mwavuli juu ya kichwa cha mtoto, sisi wawili tukalowa. Kovu linaanzia shingoni na kupanda hadi kisogoni. Pacha wake, Mbuyi, alikuwa akingoja mlangoni. Alilitazama kovu kwa muda mrefu, kisha akainamisha kichwa chake mbele ya Mama ili aonyeshwe lake liko wapi.

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Munaona? Iko nadai yake!"

Mwezi wa tatu watatimiza miaka mitatu. Mbuyi alitangulia, Kabanga akafuata. Kwetu sisi watu wa Kasai majina hayo hayachaguliwi, yanakuja na mapacha wenyewe, na siku hiyo mzazi anapoteza lake. Mtaani hakuna tena anayemwita dada yangu Régine. Ni Mwambuyi, mama wa Mbuyi. Mume wake Adrien, anayefanya kazi Kambove na kurudi mwisho wa mwezi, ni Shambuyi. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki Syntiche, mama mdogo bila cheo.

13 Novemba

Leo daktari alitueleza. Mimi ni karani wa mapokezi katika hospitali hiyohiyo tangu Agosti, kwa mkataba wa majaribio, na kwa sababu hiyo nyumbani wanaamini hospitali ni yangu. Daktari Adalbert ametoka Kinshasa. Anasema Kifaransa na Kilingala, na Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Kwa hiyo nilikaa katikati, Mama na Régine upande huu, yeye upande ule.

Alisema uvimbe waliotoa nyuma ya ubongo ni kansere, ya aina inayopenda kurudi. Mtoto mkubwa wangemchoma kwa miale, lakini kwa aliye chini ya miaka mitatu miale inaharibu ubongo unaokua. Wanachojaribu ni kuuzuia uvimbe kwa dawa mpaka mtoto akue kidogo. Dawa yenyewe ni sumu, alisema. Inaua kila kinachokua haraka, kibaya na kizuri. Nywele zitaanguka, damu itashuka, midomo itatoka vidonda. Atakayempa avae glavu, na mtu mwingine yeyote asiionje.

Mama na Régine walikuwa wakiangalia midomo yangu.

Nikasema: "Docta anasema balitosha ile kitu mubaya mu kichwa. Sasa batamupatia dawa ya nguvu, juu isirudie. Nywele zinaweza kutoka kidogo. Munawe mikono muzuri."

"Dawa ya nguvu," Mama alirudia, akampigia daktari makofi madogo ya shukrani. "Mungu amubariki huyu mutoto wa bantu."

Sikusema kansere. Sikusema sumu. Presha ya Mama inapanda kwa jambo dogo, na Régine hajalala kitandani tangu Septemba. Nitawaambia polepole, neno moja moja. Nadhani nimefanya vizuri.

14 Novemba

Dawa inatoka kwa shirika la wafadhili. Nimetia saini kama msimamizi wa mgonjwa. Muuguzi Kiki alinisomea kanuni: familia isiyofuata matibabu inapoteza nafasi, kwa sababu watoto wengine wanasubiri. Alisoma kama anayesoma tangazo la basi, lakini mimi niliomba asome mstari huo tena.

Ni dawa ya maji. Kabanga atakunywa kila mchana baada ya uji. Saa hizo Régine yuko saluni akisuka na mimi niko kazini, hivyo atakayempa ni Mama. Nimekwaruza alama kwa msumari kwenye bomba la sindano, nikamfundisha: vuta hadi hapa, usizidishe, usipunguze. Alifanya mara tatu kwa maji. Mara zote tatu yalifika kwenye alama sawasawa.

20 Novemba

Mvua. Hakuna homa.

2 Desemba

Jana jirani yetu Chancelvie alileta kofia ya sufu kwa ajili ya Kabanga, kufunika kovu. Mama alimshukuru, akamrudishia.

"Mama Madeleine, unakatala zawadi?"

"Sikatale. Utaileta siku itakuwa mbili."

"Lakini Mbuyi haiko mugonjwa!"

"Na kwani alikosa nini, weye, mupaka umupite hivi kama kiti?"

Leo Chancelvie amerudi na kofia mbili, anacheka, anasema mapacha hawa watamfilisi. Ndivyo Mama alivyokuwa siku zote. Embe moja linakatwa mbele ya wote wawili, kokwa linanyonywa kwa zamu. Hata kitandani, upande wa ukuta ambao wote wawili wanaupenda, wanaulalia kwa zamu. Anasema pacha anayenyimwa anakasirika, na akikasirika anarudi alikotoka. Sijui kama ninaamini. Lakini mimi pia, nikiwa nimesoma, sijawahi kuwanunulia nguo moja tu.

Ninamtazama Mama na ninamwonea fahari. Régine anarudi jioni, anakula, anacheka na simu yake, analala ameketi. Sijui anafikiri nini. Wakati mwingine nadhani hafikirii.

16 Desemba

Kipimo cha damu. Haikushuka hata kidogo. Nywele zipo, vidonda hakuna. Daktari Adalbert alitazama karatasi mara mbili, akasema mtoto anavumilia dawa kuliko alivyotarajia. Kiki alimbana Kabanga shavu: "Huyu mutoto wenu ni chuma!"

Mama alipiga vigelegele kwenye korido. Nililia kwa furaha nyuma ya dirisha langu la mapokezi, huku mzee mmoja akinigongea kioo ananiuliza choo kiko wapi.

25 Desemba

Adrien amekuja na magauni mawili mekundu. Tumekula kuku. Kabanga amecheza.

9 Januari

Mbuyi ana vidonda mdomoni. Hataki bukari, ugali wetu, hataki hata maziwa. Analala mchana, yeye ambaye halali.

Mama hana wasiwasi. "Anamubebea mwenzake. Mapasa njo vile."

17 Januari

Régine alikuwa amemkalisha Mbuyi kati ya magoti, anamsuka kwa ajili ya Jumapili. Nilikuwa napiga pasi. Nikasikia kimya. Régine alikuwa ameinua mkono wake, na kati ya vidole vyake kulikuwa na shungi zima la nywele, limetoka na mizizi yake, bila kuvutwa. Akashika jingine. Nalo likaja.

Hakupiga kelele. Alikusanya nywele zile pajani mwake moja moja, yeye ambaye kila siku anafagia nywele za wanawake wengine na kuzitupa, kisha akamfunga mtoto kitambaa.

Mtaa mzima umekuja kuangalia. Chancelvie alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni: "Ku hôpital baangarie tena muzuri! Labda balipasua ule haiko na ugonjwa." Watu walicheka. Mama pia alicheka, na nilimwona anatembea akiwa amejinyoosha, kama mtu ambaye Mungu amemthibitishia jambo mbele ya mashahidi. Mtoto mmoja anaumwa, nywele zinamtoka mwingine. Nani tena atasema mapacha si mwili mmoja?

Mimi sikucheka. Nilijua kitu kimoja tu: kwamba Mbuyi naye ana uvimbe kichwani. Sikumwambia mtu. Niliwaza nikisema, wataniuliza umejuaje, na nitalazimika kusema lile neno.

23 Januari

Mbuyi anatembea sawa, hayumbi kama Kabanga alivyoyumba kabla ya kupasuliwa. Nilimchorea mstari wa chaki ukumbini na akaufuata. Kabanga akaufuata nyuma yake, akautoka kidogo upande wa kushoto. Labda ni kucheza.

30 Januari

Mvua mchana kutwa. Nimeandika majina ya wagonjwa vibaya mara mbili. Msimamizi wa ofisi amenikumbusha kwamba mkataba wangu unaangaliwa mwezi wa tatu.

6 Februari

Lazima niandike yote.

Asubuhi maji ya mvua yaliingia mapokezi hadi kwenye vifundo vya miguu. Wakazima umeme, wakaturudisha nyumbani kabla ya saa sita. Nilifika nikiwa nimebeba viatu mkononi. Mlango ulikuwa wazi.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, mapacha wamesimama mbele yake, midomo wazi. Alivuta dawa hadi kwenye alama yangu ya msumari, sawasawa kabisa. Akaisukuma mdomoni mwa Mbuyi, akaacha, akainua bomba kwenye mwanga wa mlango na kupima kwa jicho kilichobaki, kwa makini, kama anavyogawa mafuta ya kupikia. Nusu iliyobaki akampa Kabanga. Akawafuta midomo kwa kitambaa kimoja.

"Sawasawa," akawaambia. "Hakuna wa kulia."

Kisha akaniona. "Eh, Syntiche! Balikufukuza kazi?"

"Mama. Unabapatia bote wawili?"

"Tangu siku ya kwanza." Alinishangaa. "Sasa nitamupatia mumoya dawa ya nguvu, na mwengine anasimama anaangaria? Unataka akasirike, aende?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa ametulia, watoto walikuwa kimya, mvua ilikuwa imekatika. Nikasema: "Mbuyi usimupe tena. Kwake ni kali."

"Ulisema ni ya nguvu."

"Ni nguvu ya mugonjwa tu."

Alifunika chupa. "Basi. Weye njo ulisoma."

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye mahindi. Mbuyi hana uvimbe. Mbuyi amekunywa sumu karibu miezi mitatu. Na Kabanga, ambaye damu yake haikushuka, ambaye sote tulimpigia vigelegele, hakuwa chuma. Alikuwa anapata nusu. Na Mama hakukosea. Aliambiwa ni kitu kizuri, akakigawa kama anavyogawa kila kitu kizuri. Kama ningesema ni sumu, asingemkaribisha Mbuyi hata kwenye chumba.

7 Februari

Mama ameficha dawa, anampa Kabanga chumbani. Mbuyi analia nje ya mlango. Sikumwambia daktari.

8 Februari

Sikumwambia.

12 Februari

Nilimfuata daktari hadi kwenye gari lake. Akauliza, "Unataka nini, Syntiche?" Nikamwuliza kama nifunge dirisha la ofisi yake kwa sababu ya mvua. Akanishukuru.

24 Februari

Leo ilikuwa skana. Picha ilibandikwa kwenye taa. Mahali pa kovu pana weupe tena, mkubwa kama kokwa la embe, na wa pili mdogo chini yake.

Daktari Adalbert hakunitazama aliposema. "Amepata kipimo kamili kwa zaidi ya miezi mitatu, na uvimbe umekua mbele ya dawa. Maana yake dawa haiusumbui. Sioni sababu ya kuendelea kumtesa mtoto. Tunasimamisha."

Maneno yote katika hoja hiyo yalikuwa sahihi, isipokuwa mawili: kipimo kamili. Mawili hayo yalikuwa yangu kuyatoa. Ningeyatoa, hoja yote ingeanguka: dawa haijashindwa, imetolewa nusu. Labda ingali inaweza kufanya kitu. Nilielewa hayo yote mahali pale, kwenye kiti, kwa Kifaransa kizuri. Nilielewa pia kwamba saini kwenye kanuni ni yangu, kwamba shirika litatoa nafasi yetu kwa mwingine, kwamba mkataba wangu uko mezani, na kwamba mtaa mzima utamwita Mama mchawi aliyewanywesha wajukuu sumu.

"Waeleze," daktari akasema.

Régine alinigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema dawa ipumzike kwanza."

"Ipumzike mupaka lini?"

"Mupaka ataona."

Mama alimpigia daktari makofi yale madogo. Daktari aliyaona, akanitazama mimi, kama mtu anayejiuliza kwa nini bibi anamshukuru. Nikainamisha kichwa na kukusanya makaratasi ambayo hayakuwa yangu.

27 Februari

Mahindi mabichi. Kabanga amekula nusu ya hindi moja akatapika.

1 Machi

Kabanga anaangukia kushoto. Mbuyi anamshika upande huo, bila kuambiwa.

4 Machi

Régine alinikuta nikifua. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Docta alisema nini kabisa?"

"Nilishasema, dada Régine."

"Ulisema. Miye ninasuka nywele. Sikusoma kama weye. Lakini siko muzoba. Muntu akisema maneno mingi vile, na weye unarudisha tatu tu, ile ingine inaendaka wapi?"

Nilisugua kola moja hadi ikachanika.

"Kuanzia Septemba banawake banakuja ku saluni banauliza, mutoto anaendelea je? Miye ninacheka. Ninasema eko muzuri. Ninacheka juu sina neno la kubaambia, Syntiche. Unanipatiaka mifupa tu."

Nilikuwa nimemwona mjinga kwa kicheko hicho. Niliandika hivyo hapa. Aliondoka, na mimi sikumwita arudi.

6 Machi

Sikumwambia.

10 Machi

Kiki alikuja kwenye dirisha langu na sanduku dogo. "Tia saini hapa, Syntiche. Ni machupa ya Kabanga yaliyobakia. Kuna mutoto mwengine anayangojea."

Nilishika kalamu. Sanduku lilikuwa na chupa za miezi iliyobaki, zimefungwa bado. Nikifikiria sasa, sijui kwa nini chupa ziliweza kile ambacho kuanguka kwa mtoto hakukuweza. Niliacha foleni ya watu, nikapanda ngazi, nikaingia kwa Daktari Adalbert bila kugonga. Nilisema yote nikiwa nimesimama: alama ya msumari, bomba kwenye mwanga, midomo miwili, nywele za Mbuyi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku mvua ilipoingia mapokezi."

Aliikumbuka siku hiyo, nilimwona akiikumbuka. Alikwenda kwenye sinki akanawa mikono, ingawa hakuwa amemgusa mtu.

"Ulikuwa kwenye kiti hicho nilipotazama picha," alisema. "Ulikuwa umekaa pale pale."

"Ndiyo, daktari."

"Kesho mlete bibi. Na mama wa mtoto, na huyo pacha. Nataka kusikia kutoka kwake, si kutoka kwako. Kwa bahati mbaya nitasikia kupitia wewe. Kiki, ambaye angefasiri, yuko zamu ya usiku."

11 Machi

Mama alivaa kitenge cha kanisani. Alidhani anaitwa kupewa habari njema.

Daktari alimwuliza, nami nikafasiri, kama alimpa Kabanga dawa yote.

"Nilibapatia bote wawili," Mama akasema. "Nusu kwa nusu. Mupaka huyu aliponikataza."

Nikaligeuza kwa Kifaransa. Daktari akauliza kwa nini alimpa mtoto asiye mgonjwa.

Mama alishangaa swali. "Docta, uko na batoto? Batu bawili banakuangaria, unashika kitu muzuri. Utamupatia mumoya?"

"Nani alikwambia ni kitu kizuri?" daktari akauliza nilipomfasiria.

Niliuliza swali hilo kwa sauti yangu mwenyewe, kwa Kiswahili chetu, neno kwa neno. Mama alinyoosha mkono akanigusa bega, bila hasira, kama mtu anayeonyesha mlango kwa mgeni.

"Huyu. Alisema docta anasema ni dawa ya nguvu."

Daktari alikuwa anangoja. Régine alikuwa anangoja. Mama naye alikuwa anangoja niseme ili jambo liishe tufanye lingine. Nilikuwa mtu pekee chumbani aliyejua siku ile daktari alisema nini na mimi nilisema nini.

"Anasema," nilimwambia daktari, "kwamba mimi niliwaambia ni dawa ya kutia nguvu. Siku uliyosema ni sumu. Niliwaficha sumu, niliwaficha kansere, niliwaficha glavu. Anasema kweli."

Daktari alifunga macho. Kisha akasema polepole: "Sasa waambie nilichosema siku ile. Chote."

Nikawaambia. Kansere. Inarudi. Sumu. Mtu mwingine asiionje. Kiswahili kilikuwa na maneno yote hayo tangu zamani, hakuna hata moja nililohitaji kulitafuta.

Mama hakulia. Alivuta mikono yake miwili, akaitazama viganja, akaificha chini ya kitenge. Mbuyi, mwenye kichwa kitupu kama yai, alikuwa anapanda juu ya mapaja yake, na Mama hakumshika. Aliogopa kumshika. Nimemwona Mama akizika watu na sijawahi kumwona hivyo.

Walimchoma Mbuyi kidole kutoa damu. Hakuna aliyesema kwamba Kabanga naye achomwe.

Tulipotoka nje, Régine alisimama kwenye tope akanipiga kofi, mara moja, kwa mkono uliojaa mafuta ya nywele. Kisha akafungua mwavuli, akamfunika Mama.

12 Machi

Damu ya Mbuyi iliyoshuka inarudi kawaida. Nywele zitarudi, daktari anasema; nusu ileile inaweza kumdhuru mtoto mmoja na kumpita mwingine, hata pacha. Kabanga anaanza upya, kipimo kamili, na atakayempa ni Régine. Ameacha saluni. Daktari hakuahidi kitu. Nilimwuliza, kama nisingekaa kimya wiki zile, je? Alisema: "Sijui. Na wewe hutajua." Sikufasiri hilo kwa mtu.

15 Machi

Mama hawagawii tena. Wanakula kila mmoja kwenye sahani yake, na sahani anazipakua Régine. Mama anaketi nje na kuangalia mahindi.

20 Machi

Wametimiza miaka mitatu. Nywele za Kabanga zimeanza kuanguka. Kwa mara ya kwanza dawa inafanya kazi yake, na sote tunaitazama hivyo, bila vigelegele.

28 Machi

Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja. Msimamizi alisema mimi ni makini na sina maneno mengi. Daktari hakuwa amesema lolote kwa utawala, wala kwa shirika. Nafasi yetu haikuwahi kuwa hatarini. Niliogopa mlango ambao hakuna aliyekuwa nyuma yake.

Adrien amekuja kutoka Kambove. Hanisalimii. Anampitishia Mbuyi vitu vya kunipa: "Pelekea yule."

3 Aprili

Mvua zinapungua. Kabanga haketi tena peke yake.

9 Aprili

Skana. Uvimbe umeshuka kwenye uti wa mgongo.

Daktari alisema umri wa miale umefika, lakini uvimbe umeshapita mahali ambapo miale ingesaidia. Hospitali yetu haina mashine hiyo, na safari ya kuifuata Lusaka itamwua njiani bila kumpa kitu. Dawa inasimamishwa, safari hii kwa kweli. Kuna dawa nyingine ya maumivu, ya maji pia. Wiki chache, alisema. Labda mwezi.

Nikawageukia. "Docta anasema kansere imeenea mu mugongo. Dawa imeshindwa. Hakuna ingine ya kumuponya. Kabanga atakufa. Labda wiki chache, labda mwezi. Batatupatia dawa juu asisikie maumivu."

Mama alisema, "Rudilia."

Nikarudia, lote, bila kupunguza.

Régine alikuwa amemshika Kabanga, kichwa cha mtoto kimelala kwenye mkunjo wa shingo yake. "Atasikia maumivu?"

Nikauliza. "Anasema, kama tunamupatia dawa kwa saa yake, kidogo tu."

"Atatujua mupaka mwisho?"

Nikauliza. "Anasema hajui."

Régine alitikisa kichwa. Hakumtazama daktari, alinitazama mimi. Siku ile ya Novemba nilikaa kwenye kiti hichohicho nikiamini ninamkinga.

Kwenye korido Mama aliniuliza kwa sauti ndogo, swali lake la kwanza kwangu tangu mwezi uliopita: "Na Mbuyi? Nani atamuambia?"

"Ni huyu," Régine akasema, bila kugeuka. "Yeye njo anajua kusemea bantu."

10 Aprili

Nilimwita Mbuyi ukumbini baada ya uji. Nywele zake zimeanza kuota, laini, kama za mtoto mchanga. Nilipiga magoti ili macho yetu yawe sawa. Nikamwambia Kabanga anaumwa sana, kwamba dawa imeshindwa, kwamba siku moja atalala na hataamka, na hatarudi, si kwa kukasirika, ni ugonjwa tu. Nilitumia maneno mafupi lakini sikuacha hata moja.

Alinisikiliza akishika sikio langu, kama anavyofanya akitaka mtu asiondoke.

Alifikiri kidogo. Kisha akauliza kama ile siku yeye njo atalala upande wa ukuta.